Mawe ya Mlangilangi

Mvua ya masika haina adabu. Huingia mjini bila hodi, hukaa itakavyo, na hutoka siku inayopenda yenyewe. Bagamoyo hata mtoto anayenyonya analijua hilo. Lakini mwaka ule wa sabini na tatu walitokea wageni kumi na mmoja kutoka Uholanzi, watu wazima na akili zao, wakaona mwezi wa Aprili ndio mwezi wa kuja kutazama bustani za pwani. Walikuwa chama cha wapenda maua. Kila mwaka walichagua nchi moja ya mbali, wakaenda wakatembea bustani hadi bustani, wakiandika majina ya miti kwenye vidaftari vyao. Mwaka huo kura iliangukia kwetu.

Wakubwa wa mji walimwita Mwalimu Msabaha, aliyekuwa akifundisha Kiingereza, wakamwambia awaongoze wageni na awatafutie cha kutazama. Msabaha hakuhitaji kufikiri. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Sihaba binti Bwanausi, mjane wa miaka hamsini na kitu aliyekaa katika nyumba ya mawe ya marehemu baba yake. Uani mwa nyumba ile mlikuwa na kilua, mkadi, mrehani wa kila aina, asumini iliyotambaa ukuta mzima, na katikati ya yote mlangilangi mmoja usio na mfano. Milangilangi mingine hukimbilia juu, maua yakabaki kuwa ya ndege. Ule matawi yake yaliinama hadi usawa wa kifua, mtu akachuma akiwa amesimama chini bila ngazi. Hapakuwa na bibi harusi mjini aliyeingia ndani bila vikuba kutoka pale, yale mafungu madogo ya maua ya kuvaa kifuani. "Maua ya Bi Sihaba," watu walisema. Naye Bi Sihaba akisikia hivyo alishusha macho kwa unyenyekevu wa uongo, maana alipenda sifa kuliko halua.

Lakini Bi Sihaba, na tusimfiche, hajapata kupanda hata mchicha.

Aliyepanda ni Tatu. Tatu aliletwa nyumbani mle akiwa na miaka saba, ameshikwa mkono na Bwanausi mwenyewe, kutoka Vigwaza alikokuwa akienda kununua nta na sandarusi. "Mtoto huyu yatima," Bwanausi alimwambia mkewe, "tumlee." Mkewe alimtazama mtoto usoni. Aliona mwanya katika meno ya juu, ule ule wa mumewe, ule ule wa binti yake Sihaba. Alimpa mtoto ufagio, na ufagio ule Tatu hakupata kuuweka chini tangu siku hiyo. Mji mzima ulijua nusu ya habari, na nusu ya pili kila mtu akaiacha imfie mdomoni, kwa sababu Bwanausi alikuwa mtu wa heshima na mkewe alikuwa mtu wa kutisha.

Bwanausi alipokuwa kitandani akingoja saa yake, alimwita Sihaba peke yake.

"Tatu ni mwanangu wa ndoa," alimwambia. "Mama yake nilimuoa Vigwaza, kwa mahari na mashahidi. Nilimuogopa mama yako, Mungu anisamehe. Siku ya arobaini yangu, watu wakijaa, waambie kuwa huyu ni ndugu yako."

Sihaba aliapa. Arobaini ikafika, watu wakajaa, ubwabwa ukaliwa, dua ikasomwa, na Sihaba hakufungua kinywa. Alijiambia kuwa mama yake yu hai, atafedheheka. Mama akafa. Akajiambia kuwa sasa watu watauliza alikuwa wapi siku zote. Neno likicheleweshwa huzidi uzito, na hilo lilikuwa limecheleweshwa miaka kumi na minane.

Tatu alijua. Baba alimwambia naye. Hakudai nyumba, hakudai kutajwa. Kitu kimoja tu alijichukulia mwenyewe bila kuomba: kila Ijumaa baada ya sala, akimsuka Sihaba nywele, wakiwa wawili tu na mlango umefungwa, alimwita "dada". Mbele za watu alisema "Bi Sihaba", kama watu wengine. Lakini Ijumaa ilikuwa "dada, inamisha kichwa", "dada, unazo mvi huku", na Sihaba akaitika, "Naam, mdogo wangu." Ndiyo iliyokuwa haki yake yote katika urithi wa Bwanausi, neno moja la siku ya Ijumaa, na kwa jinsi alivyokuwa akilitamka ungedhani amepewa mji.

Basi siku ya wageni mvua ilianza alfajiri. Gari lao lilikwama Mapinga, likatolewa, likakwama tena Kerege, likasukumwa na watu waliokuwa wakienda shamba. Walifika Bagamoyo adhuhuri imekwisha, wamevaa makoti ya plastiki ya rangi ya ndimu, matope hadi magotini, na wanacheka kana kwamba wametoka harusini. Mwalimu Msabaha peke yake ndiye aliyekuwa amenuna, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vipya.

"Shikamoo, Bi Sihaba. Utatusamehe kwa kuchelewa."

"Marahaba, mwalimu wangu. Mvua ni ya Mungu. Karibuni, karibuni ndani."

Ukumbi wa nyuma, ule unaotazama uani, ulikuwa umetandikwa mikeka na kufukizwa udi. Palikuwa na vitumbua, kashata, na kahawa kwenye birika la shaba. Bi Sihaba alikuwa amejifunga doti mpya ya kanga, mikono na miguu imepakwa hina. Jirani yake Bi Mardhiya alikuwa amekuja tangu asubuhi "kusaidia", maana yake kuchungulia. Mwanamke huyo alikuwa na kinywa kinachofika sokoni kabla yake mwenyewe.

Na Tatu? Tatu ndiye aliyepika vitumbua, akasaga kahawa, akatandika mikeka, kisha akaona maji yanatuama kwenye mashina ya asumini. Asumini haitaki miguu yake ikae majini. Akachukua jembe akatoka kuchimba mfereji. Wageni walipoingia ukumbini yeye alikuwa katikati ya ua, kanga imemganda mwilini, maji yanamtiririka usoni. Akaegemeza jembe ukutani, akaanza kuja. Sihaba akamtazama. Macho yakasema: baki huko huko.

Tatu akasimama. Akarudi akalishika jembe.

Kwa nini alifanya vile, Sihaba alikuja kujiuliza mara nyingi baadaye. Jibu alilijua, na halikuwa zuri. Tatu akiingia ataketi. Akiketi ataulizwa ni nani. Na Mardhiya yuko pale, masikio wazi. Ilikuwa rahisi zaidi abaki nje. Mvua itakatika sasa hivi, Sihaba alijiambia. Haikukatika.

Wageni hawakutulia hata kunywa kahawa. Walijazana ukingoni mwa ukumbi, wakanyoosha vidole, wakasema maneno ya kwao kwa sauti za mshangao. Kiongozi wao alikuwa bwana mnene mwenye miwani. Alisema na Msabaha, na Msabaha akageuka.

"Anasema wametembea nchi nyingi, hawajaona ua mdogo wenye mambo makubwa namna hii. Anauliza, bustani hii kaitengeneza nani?"

Hapo palikuwa pa kusema. Mtu aliyekuwa akiulizwa habari zake alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, anachimba.

"Mimi," akasema Bi Sihaba. "Kwa mikono yangu hii."

Akaiinua mikono, hina ikang'aa. Wageni wakapiga makofi. Loo, makofi nayo yana utamu wake! Sihaba alihisi joto la sifa likimpanda hadi masikioni, akashusha macho kama kawaida yake.

Miongoni mwa wageni palikuwa na mwanamke mmoja wa makamo ya kizee, mrefu, jina lake Hendrika. Yeye hakupiga makofi kwa sababu alikuwa anaitazama ile mikono. Mikono yake mwenyewe ilikuwa minene, imejaa mikwaruzo, na kucha zake zilikuwa na weusi wa udongo usiotoka kwa sabuni. Aliitazama mikono ya Sihaba, laini kama ya mwari, kisha akatazama uani. Akamwuliza Msabaha jambo.

"Anauliza yule mwanamke ni nani. Anasema analowa sana."

Sihaba alihisi Mardhiya akisogea kidogo kwenye mkeka.

"Ah, yule!" akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa wepesi. "Yule mtu wa kazi. Mwambie asiwe na wasiwasi, yule ni mtu wa bara, mvua haimdhuru. Kazoea."

Alilisema kwa sauti ya kutosha ili Mardhiya asikie. Uani jembe lilinyamaza kidogo. Kisha likaendelea.

Ukisema uongo mmoja, jamani, unautafutia mwenzake, maana uongo haupendi kukaa peke yake. Bwana mwenye miwani alikuwa amekwisha kuuona mlangilangi. Kwenye matawi yake, huku na huku, yalining'inia mawe, vipande vya matumbawe vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja kimefungwa kwa kamba ya usumba wa nazi. Yalikuwa yakichuruzika maji na kupepesuka polepole. Bwana yule alifurahi kama aliyeona maajabu. Akauliza mawe yale ni ya nini.

Bi Sihaba aliutazama mti wake. Miaka yote ile alikuwa akipita chini yake kwenda bafuni, na mawe alikuwa akiyaona. Hakuwahi kuuliza. Tatu alikuwa na mambo yake na miti, akifungafunga, akikatakata, akisema nayo, na Sihaba akaona ni upuuzi wa mtu wa shamba. Sasa watu kumi na mmoja walikuwa wamemkodolea macho, kalamu mkononi, wakingoja mwenye bustani aseme.

"Ya kuzuia kijicho," akasema.

Msabaha akamgeukia. Yeye alikuwa mtu wa Pangani, hajasikia kitu kama hicho. "Kijicho, Bi Sihaba?"

"Naam, husuda. Mtu mbaya akiutazama mti, jicho lake linakwisha kwenye jiwe, mti unasalimika. Ni ada ya wazee wetu."

Msabaha akatafsiri. Kalamu zikakimbia. Mmoja akapanda juu ya kiti akapiga picha, mwenziwe akamshikia mwavuli. Bwana mwenye miwani akauliza kama mawe yanatakiwa kuwa na idadi maalumu.

"Saba," akasema Bi Sihaba, ambaye sasa alikuwa amenogewa.

Wakayahesabu. Yalikuwa kumi na tisa.

"Saba ya kwanza," akasema. "Mengine huongezwa mahasidi wakiongezeka." Mardhiya akakohoa ndani ya kanga yake. Alikuwa amezaliwa mtaa ule ule na wazee hao hao, na ada hiyo ilikuwa inamfikia leo.

Hendrika hakuandika. Alifungua mwavuli wake mkubwa mweusi, akashuka ngazi, akaingia mvuani. Alikwenda hadi kwa Tatu, akasimama karibu naye hata mwavuli ukawatosha wote wawili. Hawakuwa na lugha. Hendrika akalishika jiwe moja, akalivuta chini taratibu, tawi likafuata. Kisha akafanya kwa mkono wake mwenyewe ishara ya tawi linalokwenda juu, akatikisa kichwa kukataa, akalivuta chini tena, akaonyesha ua, akaonyesha kifua chake: hapa, linafikika. Tatu akatoa macho. Tangu amezaliwa hajakutana na mtu aliyejua. Akalishika jiwe la pili, kubwa zaidi, akaonyesha kamba ilivyofungwa juu ya kipande cha gunia ili isikate ganda la tawi, na jinsi unavyosogeza jiwe mbele kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, usije ukavunja tawi. Hendrika akapiga paja lake, akacheka kwa sauti. Tatu naye akacheka, na mwanya wake ukaonekana hadi ukumbini. Mwenye kamera, aliyekuwa ameshuka nyuma yao akasimama pembeni ya ua, akapiga picha.

Mle ukumbini Sihaba alikuwa bado ametabasamu, tabasamu alilokuwa amelisahau usoni. Hendrika akageuka kutazama nyuma. Akamtazama Sihaba. Akamtazama Tatu. Akamtazama Sihaba tena, mdomoni hasa.

Sihaba akafunga mdomo.

Hendrika akamwita Msabaha, naye akashuka ngazi kwa shida akihofia viatu. Wageni wengine wakanyamaza kusikiliza. Mvua nayo, kwa fitina, ikapungua wakati huo huo, kila neno likasikika.

"Bibi huyu anakuuliza," Msabaha alimwambia Tatu. "Anasema hata kwao hufunga mawe kwenye miti ya matunda, matawi yashuke. Anataka kujua, ni wewe uliyeyafunga haya? Na ni wewe uliyepanda bustani?"

Sihaba hakuwa na pa kwenda. Alisimama pale na hina yake, na alijua kabisa kuwa Tatu akisema ndiyo, basi. Wageni watajua, Msabaha atajua, na Mardhiya hatangoja hata viatu vyake vikauke. Tena alijua kuwa angestahili.

Tatu alijifuta uso kwa kiganja. Hakutazama ukumbini.

"Mwambie kaotesha Bi Sihaba," akasema. "Mie nashika pale ninapoambiwa. Na mawe ni ya kijicho, kama mwenyewe alivyosema."

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha mwema hanyanyui sanda. Sihaba alikuwa amejitayarisha kufedheheshwa; hakujitayarisha kustiriwa. Kufedheheshwa kungemkasirisha, na hasira ingemsaidia kusimama. Lakini alistiriwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyima hata mahali pa kukwepa mvua, na ilimwingia mwilini kama homa. Aliona haya, akakaa chini mbele ya wageni waliokuwa bado wamesimama.

Hendrika alisikiliza tafsiri hadi mwisho. Alimtazama Tatu kwa muda, kisha akampa mwavuli wake, akakunja vidole vya Tatu juu ya mpini, akarudi ukumbini akiwa analowa. Hakunywa kahawa.

Walipoaga, bwana mwenye miwani alitoa zawadi ya chama chao kwa mwenye bustani: mkasi wa kukatia matawi, mzuri, mpini mwekundu, ndani ya kifuko cha ngozi. Bi Sihaba akaupokea kwa mikono miwili. Wakapiga makofi tena. Safari hii yalikuwa machungu.

Wageni walipokwisha kuondoka na Mardhiya kwenda zake, Sihaba alisimama mlangoni mwa uani. Mvua ilikuwa imerudi kwa nguvu. Tatu alikuwa anamalizia mfereji. Mwavuli wa Hendrika alikuwa ameufunga na kuusimamisha ukutani, hajautumia.

"Tatu! Ingia ndani, utapata homa."

"Namaliza, Bi Sihaba."

Walikuwa wawili tu. Hapakuwa na mgeni wala jirani. Sihaba akangoja, pengine Tatu ametamka vile kwa mazoea ya mchana mzima.

"Chukua huu mkasi. Ni wako."

"Uweke kabatini, Bi Sihaba. Kisu changu kinanitosha."

Hakusema kwa hasira. Lau angesema kwa hasira! Alisema kwa adabu, adabu ya mtu wa kazi kwa mwenye nyumba, na adabu ile ilikuwa kamili, huna pa kuishika ukalalamika.

Ijumaa ikafika. Baada ya sala Tatu alikuja na kitana na mafuta ya nazi, akafunga mlango kama siku zote, akaketi nyuma ya Sihaba. Sihaba alikuwa amekaa anangoja neno lake kama mtoto anavyongoja Idi. Kitana kikapita, njia zikakatwa kichwani, mkono wa Tatu ukiwa mwepesi vile vile.

"Inamisha kichwa, Bi Sihaba."

Sihaba akainamisha, machozi yakamdondokea mapajani. Alitaka kusema, nimekosa, mdogo wangu. Alilipanga vizuri moyoni. Lakini lilipofika kooni likageuka.

"Usikaze sana," akasema. "Unaniumiza."

"Samahani, Bi Sihaba."

Ikawa hivyo Ijumaa baada ya Ijumaa. Sihaba alijaribu njia za pembeni, kama wafanyavyo watu wanaoogopa njia kuu. Alimnunulia Tatu kanga. Tatu akashukuru, akaikunja, akaiweka. Siku moja aliamka mapema akapika chai mwenyewe, akamtengea Tatu jikoni. Tatu akainywa kwa kusimama, akaosha vikombe vyote viwili. Siku nyingine hata alishuka uani akasimama chini ya mlangilangi akauliza, "Hebu nieleze, haya mawe ni ya nini?" Tatu akamtazama kwa mshangao usio na lawama ndani yake. "Si ya kijicho, Bi Sihaba?" akasema, akaendelea kufagia.

Na kijicho chenyewe kilikuwa kimefika mtaani. Mardhiya alikuwa ameisambaza ile ada ya wazee, watu wakacheka wiki nzima. Lakini ukipita mitaani baada ya mwezi uliona jiwe kwenye mpapai wa huyu, jiwe kwenye mkomamanga wa yule, kila mmoja akidai ni utani tu.

Barua ilikuja wakati wa vuli. Ilikuwa imeandikwa kwa Mwalimu Msabaha, ndani yake mna picha moja. Msabaha akaja nayo jioni baada ya alasiri, akamkuta Bi Sihaba barazani na Bi Mardhiya na jirani mwingine, Bi Kibibi, wakiwa wametulia kwa kahawa. Tatu ndiye aliyekuwa akimimina.

"Ni yule bibi mrefu," akasema Msabaha. "Hendrika. Ametukumbuka."

Picha ikapita mkono hadi mkono. Tatu ndiye aliyekuwa mbele, chini ya mwavuli mweusi, amelowa, jiwe mkononi, anacheka. Nyuma yake, ukumbini, Bi Sihaba amesimama na doti yake mpya, anatabasamu. Mpiga picha alikuwa ameshika vinywa viwili na mianya miwili kwa pigo moja. Bi Kibibi aliitazama kwa muda mrefu zaidi kuliko picha inavyohitaji. Bi Mardhiya akamnyang'anya, akaitazama zaidi.

"Soma barua, mwalimu," akasema Mardhiya.

Msabaha akasoma, akitafsiri polepole. Bibi yule alisema huko kwao mvua nayo inanyesha. Alisema amefunga mawe kwenye mitufaha yake kwa namna aliyofundishwa Bagamoyo, juu ya kipande cha gunia, na matawi yameshuka bila hata moja kuvunjika. Kisha Msabaha akasita, akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Hapa anasema: 'Salamu zangu kwa Bibi Sihaba, na salamu zangu nyingi zaidi kwa ndugu yake, mwenye bustani.'" Akainua uso. "Ndugu yake? Bi Sihaba, una ndugu wewe? Au huyu bibi amechanganya mambo?"

Birika la kahawa likasimama hewani, mkononi mwa Tatu.

Hapo tena palikuwa pa kusema. Mungu ana huruma, humletea mtu mlango ule ule mara ya pili. Sihaba alimwona baba yake kitandani, akaona arobaini na ubwabwa wake, akaona jembe lilivyonyamaza mvuani. Lilikuwa neno moja tu. Ndiyo, huyu hapa, mtoto wa baba yangu. Lilimjia hadi kwenye meno, akafungua kinywa. Akamwona Mardhiya ameinamia mbele, macho yanawaka. Kinywa kikabaki wazi, hakitoi kitu. Akamtazama Tatu.

Tatu naye alikuwa anamtazama. Alimngoja. Walioona wanasema alimngoja kwa muda wa kutosha mtu kusoma Alhamdu hadi mwisho. Kisha akashusha macho, akamimina kahawa katika kikombe cha Bi Mardhiya, taratibu, bila kumwaga tone.

"Wazungu hao," akasema Tatu. "Kwao sisi weusi sote sura moja."

Mwalimu Msabaha akapasuka kwa kicheko. Bi Kibibi akacheka, Bi Mardhiya akacheka hadi kahawa ikamwagika mkekani. Bi Sihaba naye akacheka pamoja nao, akavuta upindo wa kanga akauziba mdomo, wasiuone mwanya.